Amina Niliyoiandika Bila Miwani

Kamembe, Rusizi
9 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Ghislain,

Nakusalimia sana kwa jina la Bwana. Kampala inakuendeaje? Kile kifua kilishapona? Na Benitha na batoto? Sisi tuko wazima, mvua tu haitupi nafasi ya kuanika nguo.

Ndugu yangu, nimechanganyikiwa kabisa. Lile kundi la bamaman wa chorale, kwaya yetu ya kanisa, ulilonifungulia kwenye simu wakati wa Noeli, ukaniweka admin kwa sababu ni mimi mkubwa, limeniletea maneno. Unajua kila asubuhi wanatuma sala, na mimi najibu kila muntu: «Amina, ubarikiwe.» Kumwacha mwenzako bila jibu ni kumdharau. Siku ile Maman Uwamwezi aliandika maneno marefu, na miwani sikuwa nayo. Nikajibu vilevile.

Kumbe aliandika kwamba unga wa Mzee Rutayisire wa sokoni umeoza, batoto wake yeye Uwamwezi wameula, wameharisha siku mbili. Eh Mungu wangu! Mzee akaja mpaka mlangoni, simu mkononi. Anasema mwenye kundi ndiye mwenye maneno, nifute ama atanishitaki, na tena nimeyabariki!

Nikamuuliza Ganza wa dada Laurence, yeye anasoma sheria. Anasema sheria za maneno ya mtandaoni zipo, lakini kama zinanishika mimi nisiyeandika kitu, hata yeye hana hakika. Sasa mimi nitajuaje? Muntu akitukana nyumbani kwangu nitamnyamazisha, sawa. Lakini Uwamwezi hakutukana. Aliona, akasema.

Niliogopa, nikafuta. Tangu hapo Uwamwezi hanisalimii, na tunaimba bega kwa bega. Kundi lote limenyamaza, hata sala hazitumwi. Naona haya, Ghislain.

Jana nikamkuta jirani Mukamazimpaka sokoni akipimiwa unga uleule. Nikaandika kwenye kundi, nikafuta, nikaandika tena, nikafuta. Mwisho nikamkimbilia, nikamwambia sikioni. Na wale wengine nani atawaambia?

Wewe uliyenifungulia, nieleze: yale maneno niyarudishe? Jibu lako mpe Gasana wa basi aliyekuletea barua hii, maana karatasi haina admin.

Wasalimie wote nyumbani, Mungu awafunike. Barua hii nimeisoma mara mbili, na miwani, ndipo naandika: Amina.

Dada yako akupendaye,
Thacienne