Kerneli Imenenepa

Jumatatu, 3 Machi

Haiingii. Kerneli mpya haiingii! Nimechoka hata kukasirika. Kerneli ndiyo moyo wa mfumo, ndiyo inayoamsha mashine na kuiendesha. Ile ya zamani ina tundu la kupitisha wahuni wa mtandao, lazima ibadilishwe. Lakini mashine zetu za wodi ya vichanga, zinazolinda pumzi zao, nafasi yao ya kuhifadhia programu ni ile ile ya tangu zilipoundwa.

Mzee Waya, fundi mwenzangu, akachekea puani. Eti enzi zake kerneli nzima ilikaa kwenye diski moja laini na nafasi ikabaki. Siku hizi kila mtu anaingia na furushi lake, hakuna anayetoka na kitu. Kama kabati la mama mkwe, nikamwambia.

Jumanne, 4 Machi

Nimeshinda nikikata. Draiva, yaani programu za kuendesha vifaa: za kamera, za vifaa vya michezo, za mitambo isiyotengenezwa tena. Bado! Kumbe unene hauko kwenye nguo, uko mwilini.

Mume wangu akaniuliza mezani, kwani hicho kidude kinakula nini? Nikasema kinakula watu. Hakucheka. Nami sikucheka.

Alhamisi, 6 Machi

Vimebaki viwili vya kukata: sauti ya tahadhari, au maandishi ya hitilafu — yale mashine inayoyaacha ikianguka, nijue imeuawa na nini. Bosi anataka sauti ikatwe. Taa nyekundu inatosha, kasema. Tukiulizwa, tuwe na maandishi ya kuonyesha.

Nikampigia sista wa wodi.

“Taa?” akasema. “Mwanangu, mimi sina macho kisogoni. Nikimbeba mmoja, wengine nimewapa mgongo. Mtoto akiacha kupumua, nataka nisikie.”



Ijumaa, 7 Machi

Nimekata maandishi. Sauti nimeiacha. Kerneli imeingia — kwa kubanwa, kama mguu kwenye kiatu cha mwaka juzi.

Bosi kasema basi, likitokea la kutokea, mzigo ni wako. Sawa. Mingapi nimebeba?

Jumatatu, 10 Machi

Niko wodini, nimekalia kasha la vifaa. Asubuhi mashine ziliamka na kerneli mpya, moja moja, kila moja na mlio wake. Sista akapiga makofi!

Kisha ile ya dirishani ikazima. Nikaiwasha. Ikazima tena.

“Imekuwaje, mwanangu?”

“Sijui, sista.”

“Si huwa inakwambia?”

Ilikuwa ikiniambia. Sasa kioo cheusi, hakuna hata neno moja. Mashine ya akiba hawana. Sista amemtoa mtoto wa dirishani kitandani, amemlaza kifuani pake, kiganja mgongoni, anasikiliza pumzi. Hanilaumu. Afadhali angenilaumu.

Simu inatetemeka — bosi. Sijapokea. Nimeiwasha mashine mara nyingine, nangoja. Taa ya kijani imewaka. Bado inawaka. Sista ananitazama: amrudishe mtoto, au abaki naye kifuani?