Bunduki ya Pili Ukutani

Ibra, Sharqiya
Jumatano, 16 Aprili 2025

Mpendwa mdogo wangu Radhia,

Assalaam alaykum. U hali gani? Baridi ya huko Amerika imepungua, na goti lako je? Sisi wazima, alhamdulillah, na mie mzima kupita wote, maana nimeshinda!

Uliniandikia kwamba huko kila watu wakipigwa risasi, wakubwa wa nchi husema ni hizi geim za watoto. Nikacheka. Kumbe maneno hayo hayo yamo sebuleni kwetu.

Siku mbili kabla ya Idi, Manar, binti wa kaka yetu Hashil, alikuwa akifuta vumbi. Akaitungua ukutani ile bunduki ya marehemu baba. Paa! Risasi ikatoboa dari. Hakuumia, lakini kwa hofu hata futari hakula.

Basi Kaka Hashil akapata la kusema: geim za kupigana ndizo zilizomharibu, ndiyo maana kashika bunduki. Akaapa hamrejeshi chuoni Nizwa, anakosomea kompyuta. Umebaki mwaka mmoja tu, Radhia! Roho iliniuma.

Siku ya tatu ya Idi akatukusanya ukoo mzima atuhutubie. Mie nnakunywa kahawa yangu. Alipofika kwenye geim zinafundisha kuua, nikainuka, nikanyoosha mkono kwenye bunduki ya pili, aliyoifyatua Kaka hewani harusini kwa mwanawe Firas.

Kaka akaruka kama kijana. "Turkiya, usiguse! Ina risasi!"

Nikamwambia, "Kaka, heshima yako naijua. Lakini mie geim sijacheza hata siku moja. Hiyo risasi kaitia nani?"

Wallahi zote mbili kazitundika na risasi ndani tangu harusini! Nyani haoni kundule, ila siku ile aliliona. Mkewe Hajar akapiga kigelegele, nami nikampokea.

Jumapili Manar alirudi Nizwa, na baba yake mwenyewe ndiye aliyempeleka. Njia nzima, Manar kaniambia, alikuwa akimuuliza hiyo geim inachezwaje.

Wanakusalimu Hajar, Firas na mkewe Basma. Mungu akulindie wanao kila waingiapo skuli.

Kaka Hashil naye anakusalimu. Ukutani imebaki misumari miwili, kwenye mmoja anatundika kofia. Bunduki zimo kwenye kabati la chuma, na ufunguo ninao mie.

Dada yako akupendaye,
Turkiya