Mchumba Wangu Mlinzi wa Gereza Ameniletea Kijiko cha Mfungwa

Mama Hélène mpendwa,

Nakuomba unisaidie kabla sijatoa jibu litakalomuumiza mtu, kwa sababu neno hili nimekaa nalo tangu Jumapili, na kila ninayetaka kumweleza naona atalibeba hadi sokoni, lakini wewe unayejibu barua zetu gazetini hunijui hata uso, na labda kwa hiyo nitaweza kukwambia yote.

Mimi ni mwalimu wa wasichana wadogo katika shule ya masista hapa Stanleyville, wazazi wangu wote wawili wako hai, mahari yangu imekwisha kupokelewa, na baada ya Pasaka nitafunga ndoa na Célestin, ambaye ni mlinzi wa gereza, gardien kama wanavyosema hapa. Kazi yake sikuwahi kuionea aibu, ingawa rafiki yangu Germaine hunitania kwamba nitalala na funguo kiunoni, maana Célestin ni mtu mpole, anacheka polepole kama mtu aliyebeba maji na anaogopa yasimwagike, na akija kwetu hukaa na baba akisikiliza habari zilezile za kazi ya meli bila kupiga miayo.

Basi mwezi uliopita tulikwenda, mimi na yeye na Germaine, kwenye ukumbi wa cercle, kule makarani na walimu wanakokutana Jumamosi, tukaonyeshwa filamu ya mfungwa wa vita aliyetoroka gereza la Wajerumani, na mwanzoni kabisa yakatokea maandishi kwamba mambo haya ni ya kweli, yalitokea. Célestin hajui Kifaransa kingi, kwa hiyo niliinama sikioni kwake nikawa namtafsiria, na nakiri kwamba nilifurahi kuinama hivyo.

Mfungwa alikuwa amehukumiwa kuuawa. Alikuwa na kijiko tu.

“Ananoa kijiko juu ya nini?” Célestin akaniuliza.

“Atakitumia kama patasi,” nikamnong'oneza. “Atachimba saruji pale dirishani mpaka chuma kilegee.”

“Na gardien hasikii?”

“Hasikii.”

“Ule gardien iko mujinga kabisa,” akasema, tukacheka sote wawili.

Mfungwa alipotua nje ya ukuta, ukumbi mzima ulilipuka kwa makofi, mimi nilikuwa nalia, na Célestin alisimama kabisa akipiga makofi juu ya kichwa. Germaine, ambaye hawezi kuacha kitu kipite, akapaza sauti mbele ya watu: “Eh, Célestin! Unapiga makofi? Kesho asubui utahesabu nani kule gerezani?” Tonton mmoja, mzee aliyekaa nyuma yetu, akamjibu: “Mumuache, leo iko congé, haiko kazini!” Watu wakacheka sana, naye akacheka, lakini njiani alisukuma baiskeli yake akitazama gurudumu tu, na mimi, badala ya kunyamaza, nikamuuliza, kama yule angekuwa mfungwa wake, yeye angefanya nini.

“Sinema ni sinema, Mwalimu,” akasema. Huniita hivyo akitaka kunitania.

Nikasema hii si hadithi tu, iliandikwa pale mwanzoni kwamba ni ya kweli.

“Alors na gardien iko wa kweli,” akasema. “Kiisha kutoroka kwa ule mutu, yeye balimufanya nini?”

Filamu haikuonyesha hilo, Mama Hélène, na tangu siku ile kila nikifikiri habari ya yule mfungwa namwona na mlinzi, akiitwa ofisini asubuhi kofia mkononi.

Sasa Jumapili hii, baada ya misa, Célestin alikuja kwetu, mama akiwa uani anatwanga ndizi za lituma, akaomba maji, hakuyanywa, akanipa leso iliyokunjwa na kuniambia nisiifungue mbele ya mama. Ndani mlikuwa na kijiko. Mpini wake umenolewa hadi ncha imekuwa nyembamba kama sindano.

“Iko ya Zuberi,” akasema.

Zuberi huyu ni mfungwa, mtu wa upande wa Bafwasende, aliyekimbia kontra, yaani mkataba wake wa kazi, katika shamba la kahawa akakamatwa na kufungwa, na mke wake amejifungua baada ya yeye kukamatwa, mtoto hajamwona. Atafunguliwa karibu na Pentekoste. Célestin alikuwa anakagua mikeka, akakuta kijiko chini ya mkeka wa Zuberi, akakitia mfukoni.

“Mbele ya kuona ile sinema ningesema ni kijiko tu, ningepita,” akaniambia. “Ni weye ulinifundisha.”

“Umesema kwa mukubwa wa gereza?”

“Bado.”

“Zuberi anajua umekikamata?”

“Anajua. Kila asubui tukiita majina ananitazama. Mi natazama chini.” Kisha akasema: “Nikisema, batamupiga fimbo na kumuongezea miezi. Nisiposema na akatoroka, ni mi nitaingia mahali pake. Weye umesoma, Mwalimu. Nifanye nini?”

Sikumjibu. Mama aliita, nikachukua leso nikaificha katika sanduku langu, chini ya vitambaa ninavyovishona kwa ajili ya nyumba yetu, nikamwambia anipe siku chache, na alipokuwa anaondoka alinitazama kama mtu aliyetua mzigo, nami nikabaki nao.

Nitakwambia sasa jambo ambalo sijamwambia padri. Nilipoona ile ncha, kitu cha kwanza moyoni mwangu hakikuwa hofu, kilikuwa furaha. Nilitaka Célestin akirudishe. Nilitaka Zuberi atoke amwone mtoto wake, nami nipige makofi tena. Halafu nikamwona Célestin akiwa ndani badala yake na nywele zake zimenyolewa, nikataka akaseme kwa mkubwa siku ileile. Halafu nikasikia fimbo. Halafu nikamkasirikia yeye, kwa nini ameniletea mimi, je, huyu ni mtu mwema anayeogopa kumwonea mwenzake au ni mwoga anayetaka mwanamke amwamulie, na nitawezaje kuolewa na mtu ambaye sijui ni yupi kati ya hao wawili? Tangu Jumapili darasani watoto wanasoma nami siwasikii. Nimefikiri kuvunja uchumba. Nimefikiri kwenda kwa mkubwa wake mwenyewe. Nimefikiri kukitupa kijiko mtoni na kusema kimepotea. Kila nikifikiri moja naona ni dhambi, na nampenda, Mama Hélène, nampenda hata nikiwa nimekasirika. Nifanye nini?

Mimi niliyenong'ona,
Stanleyville

*

Mwanangu uliyenong'ona,

Jibu hili umekwisha kulipata kwa mkono wa mtu ninayemwamini, kwa anwani iliyokuwa juu ya bahasha yako, maana jambo lako halingeweza kungoja gazeti. Hapa nimebadilisha majina na mengine mengi, kwa hiyo wasomaji wangu msijisumbue kwenda kumtafuta mtu kwenye lango lolote.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia. Mara ya pili nilikasirika, na nitakwambia kwa nini.

Umeniandikia hofu yako, machozi yako, hasira yako. Umeniandikia hofu ya Célestin. Zuberi yuko wapi katika barua hii? Yuko kwenye mstari wa wafungwa, mwanangu. Kijiko chake kimeondoka chini ya mkeka na anajua nani amekichukua. Kila asubuhi majina yakiitwa anangoja la kwake liitwe kwa sauti nyingine. Jana halikuitwa hivyo, leo halikuitwa hivyo, na hajui kama kesho ataitwa kupigwa fimbo. Nyinyi wawili mnaona kwamba mnamhurumia kwa sababu mmenyamaza. Yeye huruma hiyo hajaiona. Anaona mlinzi anayeinamisha macho, na mtu aliye ndani akiona hivyo hufikiri jambo moja tu, kwamba amekwisha kushtakiwa.

Sasa niambie. Kati yenu wawili, nani amemuuliza kijiko kile ni cha kazi gani?

Nimetafuta swali hilo katika kurasa zako zote, sikulikuta. Mliona filamu, mfungwa akanoa kijiko akachimba dirisha. Sasa mfungwa mwingine amenoa kijiko, basi na yeye anachimba dirisha! Célestin amekagua dirisha? Amekuta saruji imekwaruzwa? Hukuandika, nadhani hata hukumuuliza.

Mimi nimewapikia wanaume wengi waliotoka huko gerezani, ndugu na majirani. Wanaingia uani kwangu wakitembea kwa visigino, kwa sababu vidole vimejaa funza. Wanalima mashamba ya gereza peku, wanafyeka barabara peku, na funza hawaogopi serikali. Wewe na mimi tukipata funza tunachukua pini. Nani anampa mfungwa pini? Ananoa anachokipata. Na Célestin wako, ambaye kila asubuhi anatazama chini, macho yake yanaangukia wapi kama si kwenye miguu ya watu? Ameona nini huko?

Sisemi kwamba najua. Huenda Zuberi kweli anataka kutoka. Alikwisha kukimbia mara moja, na mtoto ambaye hujamwona anavuta kuliko kamba. Lakini yule wa filamu alikuwa anangojwa na bunduki, hakuwa na la kupoteza. Zuberi anangojwa na mke, na Pentekoste si mbali. Akiruka ukuta sasa atakamatwa njiani kabla hajafika Bafwasende, na mtoto wake atajifunza kutembea bila yeye. Wewe ungepiga makofi, na baada ya makofi ungerudi nyumbani kula. Fikiri hilo kidogo. Kumlilia mtu katika filamu si kosa, hata mimi hulia mpaka watu wananitazama. Lakini machozi yale hayajui jina la mtu yeyote wa hapa.

Usikitupe kijiko mtoni. Usiende kwa mkubwa wa Célestin. Hakukutuma, na mambo ya fimbo unayajua, mengine gazeti hili haliwezi kuyaandika na mhariri wangu ana mkasi. Leo hii, vitoe vitambaa vyako, kichukue hicho kitu ukamrudishie mwenyewe aliyekupa. Kwanza ni hatari kukutwa nacho. Pili, hofu yake ni yake, hakupaswa kuilaza katika sanduku la harusi yako. Mwambie hivyo, kwa upole, lakini mwambie.

Kisha mjibu swali lake. Célestin hakukuuliza kama yeye ni mwema au mwoga, hayo umeyaleta wewe. Alikuuliza afanye nini, ukakaa kimya, mwalimu mzima. Mwambie hivi: kesho amtoe Zuberi kando, kwa kazi yoyote ile, kuchota maji, kufagia, anajua mwenyewe. Amwite kwa jina lake. Amwambie, “Nilikikuta, sijasema kwa mutu. Ulikuwa unafanya nini nacho?” Halafu anyamaze asikilize. Kama ni funza, amtazame miguu, ampeleke kwa muuguzi siku hiyohiyo, na kuanzia hapo awatazame na wengine miguu, maana Zuberi hakuumwa peke yake. Kama ni dirisha, asimdanganye na asimtishe. Amwambie kijiko hakitarudi, dirisha litatazamwa kila siku, na kwamba Pentekoste inakuja kwa miguu yake yenyewe, haihitaji kuchimbiwa. Kama kuna mtu wa kupeleka salamu Bafwasende zikarudi na habari ya mtoto, amtafute. Madereva wa lori wapo. Mtu akijua mtoto wake ananyonya vizuri anaweza kulala.

Hilo halimo katika kazi aliyoajiriwa nayo, najua. Wala halikatazwi.

Nawe unaniuliza ni mtu gani. Mwoga angekimbilia ofisini na kijiko kile asubuhi ileile apate sifa. Shujaa wa kupigiwa makofi angekirudisha chini ya mkeka akajiona malaika. Huyu alikitia mfukoni, akashindwa hata kunywa maji, akaja kwa mtu anayempenda na kusema hajui. Mimi ningempa binti yangu. Ila ningemwambia pia kwamba mke si mahali pa kujificha, na ningemwambia binti yangu kwamba mume si filamu ya kumtazama uone mwisho wake.

Kwa hiyo uchumba usiuvunje, na harusi msiisogeze. Kesho Célestin akitoka kazini, usimtazame usoni kutafuta shujaa. Muulize Zuberi amesema nini. Akikueleza, hata kama ni maneno mabaya, hata kama ni matusi, mkaribishe, mpe maji, na safari hii ayanywe. Akikwambia bado hajapata nafasi ya kumuuliza, usimpe kiti. Vaa kitambaa chako kichwani, mrudishe mpaka lango la gereza, na umngoje hapo nje mpaka amuulize.

Mama Hélène