Bili ya notari imenigombanisha na wifi yangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba usinicheke kabla hujafika mwisho.

Mimi ni mama wa mabinti wawili, naishi ugenini huu mwaka wa kumi na mbili, nilianza kwa kusafisha ngazi za majengo ya watu na ndoo yangu moja, leo nina kampuni ndogo ya usafi yenye wafanyakazi tisa na magari mawili, na hakuna aliyenishika mkono ila mume wangu, ambaye ni mwoka mikate, na dada yake, yaani wifi yangu, ambaye ndiye anayenikosesha usingizi. Wifi ndiye aliyetupokea tulipofika, akatupa kitanda chake yeye akalala kwenye kochi miezi mitano, ndiye anayewasuka mabinti zangu kila Jumapili, na ndiye mtu pekee duniani anayeweza kuniita Bosi Ndoo mbele ya wateja nikacheka. Nakwambia haya ujue kwamba simchukii, na ndiyo maana naumia.

Tumepata nyumba. Vyumba vitatu, ukuta mmoja una unyevu lakini dawa yake naijua na bei yake naijua. Nyumba ni laki moja na elfu themanini kwa pesa ya huku, benki inatukopesha, na sisi tumeshaweka arubuni elfu kumi na nane, ambazo ni jasho la miaka saba. Huku nyumba hainunuliwi bila notari, na kwa kuwa lugha ya ofisi inanishinda, ya mtaani ndiyo naiweza, wifi ambaye ni karani wa masjala hospitalini akachukua likizo akawa anakwenda na kurudi kwa ajili yetu. Basi wiki tatu zilizopita ikaja bili: gharama za notari, elfu kumi na tatu, mia saba na hamsini. Mshauri, kwetu notari ni wakili mwenye meza na muhuri, unampa hela ya chakula cha mchana, anagonga, mnaagana. Huyu anataka karibu asilimia nane ya nyumba nzima. Kwa hela hiyo mimi nasafisha jengo la ghorofa sita mwaka mzima, na sabuni juu yangu.

Nikaanza kuunganisha mambo. Kwanza, notari huyo ni mmoja, wetu na wa muuzaji, na aliyemchagua ni wifi. Pili, siku tuliyorudi kuitazama nyumba nilimwona wifi kamvuta muuzaji pembeni jikoni, wananong'ona, wanafungua kabati wanafunga, wanaandika kwenye karatasi, jiko, jokofu, makabati, na nilipouliza akaniambia nimwachie, nitakuja kumshukuru. Tatu, kwenye bili kuna mkalimani wa mia tatu na hamsini, na mkalimani si ndiye yeye? Mimi ni mtu wa hesabu, nikajumlisha, jibu likaja moja tu: hapa kuna cha juu.

Sikuanzia kwake. Nilikwenda mwenyewe kwa notari na simu yangu inayotafsiri, nikamwambia katibu wake wapunguze iwe elfu sita, nalipa taslimu leoleo, nusu bila risiti. Yule mama akaniletea glasi ya maji. Akarudia mara tatu kwamba bei ni ya sheria, kisha akaufungua mlango ukabaki wazi mpaka nilipoondoka.

Jumapili wifi alipokuja nikaiweka bili mezani, kaka yake akiwepo. Nikamwambia, "Wifi, najua mtu hazunguki bure, lakini hii ni nyumba ya watoto. Rudisha hicho cha juu, hata nusu, yaishe."

Alikuwa anamsuka mdogo, mkono ukasimama. Akaniuliza kama nimesoma karatasi zote. Nikamjibu namba hazihitaji kusomewa. Akakimaliza kile kichwa mpaka unywele wa mwisho, akamfuta mtoto mafuta shingoni, akalitoa mkobani faili la nyumba alilokuwa akizunguka nalo, akaliweka juu ya jokofu.

"Sawa, Bosi," akasema. Ndoo hakuitaja. Akaenda zake.

Tangu siku hiyo simu yangu hapokei, na kamwambia kaka yake kwenye kusaini haji. Mume wangu kaninunia, anasema tukimlazimisha achague kati yetu atahamia kwenye tanuri la mikate. Binti mkubwa, ambaye zamu yake haikufika, anatembea na nywele timutimu na hataki nimguse.

Kusaini ni baada ya wiki tatu, tusipolipa arubuni inapotea. Niulipe huu wizi? Nibadilishe notari? Na wifi nifanye naye nini, maana hata nikiwa na haki, Jumapili iliyopita nimepika kwa sufuria ileile kubwa tukashindwa kukimaliza chakula. Nimekuambatanishia nakala ya bili.

Mimi, Mwenye Hesabu, ugenini.

MSHAURI ANAJIBU

Mwenye Hesabu, nimekujibu nje ya foleni kwa sababu ya hiyo tarehe. Pole. Jasho la miaka saba likiingia kwenye karatasi ya lugha ngumu, yeyote hutafuta mwizi. Ila wewe umemkamata mlinzi.

Umenitumia kurasa mbili. Wa kwanza una jumla, na ndio ulioukasirikia. Wa pili una mchanganuo, nami nimemwomba rafiki anayeijua lugha hiyo anisomee. Elfu kumi, mia tatu na ishirini ni kodi ya serikali ya kuhamisha umiliki, asilimia sita. Notari anaikusanya tu, haiingii mfukoni mwake. Mia tisa na themanini ni nyaraka: kukagua kama nyumba haina deni la mtu, ramani, usajili. Mia tatu na hamsini ni mkalimani aliyekula kiapo, kwa sababu mnunuzi asiyeielewa lugha ya mkataba haruhusiwi kutafsiriwa na ndugu yake. Zinabaki elfu mbili na mia moja. Huo ndio ujira wa notari na ofisi yake yote, na kiwango kimewekwa na sheria. Huyo ni refa, si wako wala wa muuzaji. Sasa wewe umekwenda kumwahidi refa taslimu bila risiti. Omba Mungu hiyo simu yako iwe ilitafsiri vibaya.

Chukua kalamu. Asilimia sita ya laki moja na elfu themanini ni ngapi? Elfu kumi na mia nane. Mbona bili inasema elfu kumi, mia tatu na ishirini? Kwa sababu kodi imepigwa kwenye laki moja na elfu sabini na mbili. Zile elfu nane zilizotolewa ni jiko, jokofu na makabati. Vitu vya kuhamishika, vikiorodheshwa pembeni kwa bei yake ya kweli na muuzaji akikubali, havitozwi kodi ya nyumba. Ndicho walichokuwa wakinong'ona. Kila kabati alilofungua wifi yako alikuwa anakupunguzia kodi. Amekuokolea mia nne na themanini, kwa likizo yake mwenyewe, nawe ukamdai cha juu mbele ya kaka yake.

Basi sikiliza. Notari usimbadilishe, kodi itakufuata huko uendako. Lipa kwa benki, kwenye akaunti iliyo kwenye barua ya ofisi, na uwapigie kwanza kuihakiki namba. Waulize benki kama mkopo unalipia na gharama hizi, maana mara nyingi haulipii. Omba rasimu ya mkataba mapema, mkalimani akusomee kabla ya siku yenyewe. Tena mstari wa mwisho wa ukurasa wa pili unasema haya ni makadirio: hesabu itafungwa baada ya usajili, na kinachozidi kitarudishwa. Hicho kidai kwa maandishi, na hapo ukali wako utafaa. Nanyi wasomaji wengine mnaonunua ugenini, sheria hutofautiana nchi na nchi. Ombeni mchanganuo kabla ya kuweka arubuni.

Kwa wifi usitume mume, usitume ujumbe, na usithubutu kumpelekea hizo mia nne na themanini kwenye bahasha. Nenda kwake kesho akitoka kazini, ufuatane na kaka yake, kwa kuwa mbele yake ndipo ulipomvunjia heshima. Mwambie umemkosea, neno "lakini" uliache nyumbani. Akikusema saa nzima, keti usikilize, usijaribu kuomba punguzo.

Akimaliza, mwombe aje kusaini. Mwambie kazi ya kutafsiri ina mtu wake na ameshalipiwa. Yeye aje akae upande wenu wa meza, kwa sababu ni shangazi wa watoto.