Ule Mkono Mwingine

Mwende mjukuu wangu,

Hapa Matinyani hatujambo, na mbuzi wako amezaa mapacha. Ila barua yako imenikasirisha. Chuo kikukatae kwa sababu ya kifafa, bila hata kukuona? Na sasa unaniuliza kama ukifiche kwenye fomu ya chuo kingine.

Mimi mkono wangu wa kulia ulipooza kwa polio. Nilipopelekwa kuandikishwa shule, mwalimu aliniambia niupitishe juu ya kichwa nishike sikio la kushoto, ndivyo walivyopima umri. Haukufika, akasema sijafikisha umri. Mwaka uliofuata akapima uleule. Mama akamwambia, "Mwalimu, ana mwingine."

Andika kifafa, Mwende, kwa herufi kubwa. Wakikuuliza utahitaji nini, nenda. Wakikurudishia fomu, waache na upuzi wao.

Ni mimi nyanya yako, ninayekuandikia kwa huo mkono mwingine.