Masikio ya Sidai

Kabiro, Kawangware
Jumapili mchana

Yeyo, mama yangu,

Nimeinamisha kichwa hapa nilipo, weka mkono juu yake kama vile niko mbele yako. Mgongo unaendeleaje? Mvua imefika, ama bado mnaangalia mawingu tu? Mimi ni mzima, nimenenepa hata ungenipita njiani. Nashipae dada yangu, wewe unayesoma, msomee mama kila neno, na umsomee kule nyuma ya zizi. Kaka Lemayian asiwe karibu. Haya sikuyasema kwa simu kwa sababu simu anashika yeye.

Yeyo, kazi ya supu sasa naijua kuliko mwenyewe. Mzee Wafula anachemsha, lakini kuchoma vichwa vya mbuzi mpaka manyoya yaishe, hiyo ni mimi. Watu wanatoka hadi Kianda, huko Kibera, kuja kunywa supu yetu. Yeye anafikiri ni pilipili yake. Mwache tu.

Sasa Alhamisi gunia la vichwa likaja kutoka machinjioni. Nachukua kimoja nikiweke motoni, mkono ukakataa. Sikio la kushoto lina mikato miwili, wa pili umepinda. Hiyo ni alama ya marehemu baba, na huo uliopinda ni mkono wako tangu ulipoanza kuwakata mbuzi masikio wewe. Nikageuza uso: doa jeupe juu ya pua. Ni Sidai, mbuzi jike uliyenipa nilipotahiriwa.

"Wewe, unakichoma ama mnaangaliana?" Mzee Wafula akauliza.

"Mzee, huyu tunajuana."

"Unajuana na mbuzi!"

"Ni wa kwetu."

Akacheka mpaka akashika meza. "Nyinyi Wamaasai! Kila mbuzi Kenya hii ni wa kwenu."

Nikamwonyesha ile mikato, nikamwambia ni ya nani. Akaacha kucheka. Kichwa hakikuingia sufuriani, nilikizika nyuma ya kibanda. Na supu siku hiyo sikuonja.

Kwanza nikasema nimewashika wale watu wa mradi wa mifugo. Uliniambia walikuja na daftari tupu, wakakaa chini na nyinyi, wakauliza nyinyi wenyewe mnataka nini. Mkataka dawa ya kupe na soko la pamoja, na sheria mkaweka wenyewe: mbuzi jike anayezaa hauzwi mpaka mkutano ukubali, na kila mbuzi avae hereni ya namba. Mimi sikuwaamini hata kidogo. Hapa Nairobi mtu akikuuliza unataka nini, ana kitu cha kukuuzia.

Lakini angalia sikio la kulia. Hereni haipo, na shimo limepasuka. Imevutwa. Wenye mradi wangeng'oa hereni yao wenyewe kwa nini? Na mwizi wa porini angebeba kundi, si mmoja. Huyu aliitwa kwa jina, akaja. Sidai alikuwa anaitika watu watatu tu: wewe, mimi, na Lemayian.

Ijumaa nikampigia, nikauliza habari za nyumbani, basi. Akajibu mbio, "Sidai yuko malishoni." Nani alimuuliza Sidai?

Yeyo, Jumamosi ijayo mnachagua mtu wa kupeleka mbuzi za akina mama wote sokoni. Nasikia jina la Lemayian umelitaja wewe. Zikipotea, hao akina mama hawatamtafuta yeye, watakuja kwa mlango wako.

Labda namsingizia. Ndiyo sababu masikio yote mawili, niliyoyakata kabla ya kukizika kichwa, nimeyakausha kwa chumvi, yamo humu ndani ya bahasha. Kabla hamjachagua, yaweke chini katikati ya mkutano. Usiseme kitu. Watu wote watayaangalia. Wewe usiyaangalie. Angalia nani haangalii.

Nisalimie bibi, mwambie meno yangu bado yote. Nisalimie mjomba mwenye punda mkorofi. Yule daktari wa mifugo wa mradi pia msalimie, nilimtukana moyoni siku nzima na hata hajui. Nashipae, soma shule, mmoja wetu amalize.

Lemayian msalimie Jumamosi, mkutano ukiisha. Mwambie vichwa vyote vinapita kwangu.

Mwanao,
Parmuat