Maneno ya Baba Chini ya Picha

Kaka yangu Shivachi,

Nakusalimu kutoka huku Doha, nikitumaini hapo Malinya mmeamka salama. Goti la mama linaendeleaje? Mahindi ya shamba la chini mmeshapalilia? Mimi siumwi popote, ila upweke. Ijumaa wenzangu chumbani hushinda kwenye simu na watu wao, nami nakaa kitandani. Hapa hakuna wa kuongea naye kwa mikono kama mimi na wewe, na ishara zingine naona zimeanza kunitoka.

Kazi bado ni ile ya kutengeneza video za harusi. Binamu yetu alinitumia video aliyorekodi kwa simu siku fahali wetu alipopiganishwa na fahali mwenzake. Kwa kuwa husikii, nilitaka nikuandikie kwenye picha kila kilichosemwa. Basi nikapamba: herufi kubwa za dhahabu, zina vivuli, zinarukaruka. Rajan, Mnepali ninayefanya kazi naye, akaja kutazama.

"Mbona maandishi yanagombana na picha?" akauliza. "Ndugu yako amtazame baba yake au dhahabu yako?"

Niliudhika, lakini nilifuta yote. Nikachagua herufi ndogo, nyembamba, rangi ya maziwa, nikaziachanisha kidogo na kuziweka chini penye kivuli. Zinajitokeza polepole baba anapofungua mdomo, zinakaa hadi macho yako yamalize, kisha zinayeyuka. Ikawa sinema kweli.

Ili nizipange vizuri ilibidi nimsikilize baba tena na tena. Ndipo nikayapata maneno ambayo makelele ya watu yalikuwa yameyafunika. Wewe ulikuwa mbele, umeshika kamba, umempa mgongo. Jirani alimuuliza ni nani aliyemfundisha huyo fahali.

"Ni huyu kijana wangu," baba akasema. "Mimi hiyo ng'ombe inaniangalianga tu. Inasikianga yeye peke yake. Huyu amenishinda, na nimefurahi."

Kisha akapangusa macho, akasingizia vumbi.

Kaka, nililia mbele ya Rajan. Miaka yote umeamini baba haridhiki nawe, kwa sababu hakujifunza ishara zaidi ya "njoo" na "kula". Nilimpigia simu nikamuuliza kama niyaache maneno hayo kwenye video au niyafute.

"Yaache," akasema. "Mimi ningemwambia na mkono gani?"

Video nimeituma kwa simu ya mama. Itazame baba akiwa kando yako. Atasema anaenda kuangalia ng'ombe. Mshike shati, asiondoke.

Nisalimie mama, shangazi yetu wa Khwisero, na huyo binamu mpiga picha, umwambie aache kutetemesha simu. Sisi huku tunaendelea na harusi za watu. Linaloniuma ni moja tu: nimekuandikia kila neno, na sitakuwepo kuuona uso wako ukisoma.

Ni mimi dada yako,
Khavere